Jinsi ya kuanza kukusanya vesi za zamani za West Germany bila kuunguza hela

Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya jina la kiwanda, kabla ya bei, kabla hata ya kumuuliza muuzaji chochote: ichukue vesi mkononi uigeuze. Kitako juu, mdomo chini, mkono mwingine umeshika shingo isije ikakuponyoka. Wengi wanaoanza kukusanya hivi vyombo vya maua vya Kijerumani vya miaka ya 60 na 70 wanaangalia rangi tu, wanaona ile orenji kali na ile nyeusi iliyochemka wanapagawa, wanatoa pochi, halafu wakifika nyumbani ndo wanaona ufa. Mi nakusanya miaka kadhaa sasa hapa Ujerumani na nakwambia kwa moyo wote, vidole vinajua kuliko macho, na kitako kinaongea ukweli kuliko muuzaji.

Sasa tuelewane tunaongelea vesi zipi. Baada ya vita nchi ikagawanyika, Ujerumani Magharibi ikaanzishwa 1949, na viwanda vya keramiki vikaanza kufyatua vyombo vya maua kwa wingi wa ajabu, vya kuuza ndani na vya kupeleka nje, Uholanzi, Uingereza, Marekani huko. Za miaka ya 50 nyingi zina rangi za kupoa, mistari ya kuchorwa, maumbo yaliyopinda pinda. Za 60 zinaanza kuwa nzito kwa sura, rangi za udongo udongo, ngozi yake inakwaruza. Halafu ikifika mwisho wa 60 na miaka ya 70 ndo moto wenyewe, machungwa, nyekundu, kahawia, na ule ujiuji mzito uliochemka ukagandia juu ya chombo kama lava ya volkano. Hizi za mwisho wakusanyaji wanaziita Fat Lava, yaani lava nene, jina la Kiingereza lililoshika miaka ya 2000, kiwandani wenyewe hawakuwa wanaziita hivo, kwa hiyo ukimtajia bibi wa Kijerumani sokoni Fat Lava atakukodolea macho tu. Muulize vesi ya miaka ya sabini, hapo mtaelewana.

Kwa nini zinatushika hivi? Ngoja nikae hapa kidogo maana bila kuelewa hii sehemu utanunua ovyo.

Chombo chenyewe kilikuwa kinatoka kwenye kalibu ya plasta. Wanachukua udongo wanaulainisha mpaka uwe kama uji, wanaumimina kwenye kalibu, plasta inafyonza maji, ukuta wa udongo unajijenga taratibu kuzunguka, wakiona umefika unene wanaoutaka wanamwaga uji uliobaki, wanasubiri, wanafungua, chombo hicho. Ndo maana ukiangalia vizuri pembeni saa ingine utaona mstari mwembamba wima pale kalibu ilipoungana, huo sio ufa, usiogope. Na ndo maana umbo moja lilitoka mara maelfu. Ila glezi, yaani ule utando kama kioo unaofunika udongo, hapo palikuwa na mkono wa mtu na palikuwa na moto, na hivo viwili havifanyi kitu kilekile mara mbili. Kwenye zile glezi za lava walichanganya silikoni kabaidi, ikiingia tanurini inatoa gesi, gesi inapanda kupitia glezi iliyoyeyuka, inapasukia juu vilevile kama uji unavyopasua mapovu jikoni, na chombo kikipoa kabla vishimo havijajifukia unabaki na ile ngozi ya mashimo mashimo. Sasa nani anaweza kupanga povu lipasukie wapi? Hakuna. Ukikuta vesi mbili zenye namba ileile kitakoni, hata kama zilitoka tanuri moja siku moja, lava zake hazifanani.

Ninayo moja hapa mezani naandika huku naiangalia, ya sentimita 28, sio ya ajabu wala sio adimu. Shingoni ni nyekundu inayoelekea orenji, laini, kidole gumba kinateleza kama kwenye kikombe, halafu ukishuka begani unaingia ghafla kwenye mkanda wa kahawia nyeusi unaokwaruza kama jiwe la kusugulia miguu, upana wa vidole vinne hivi. Chini ya huo mkanda kuna tone moja la lava lilianza kutiririka kuelekea kitakoni likaishia njiani, likaganda, limevimba kwenye ncha. Mtu fulani miaka hamsini iliyopita alipaka ule mkanda mzito kidogo upande huo. Hicho kitone ndo nilichonunua, mengine yote ni ziada.

Viwanda vya kuanza navyo

Usijaze kichwa na majina hamsini. Anza na Scheurich, kwa sababu utakutana nayo kila kona unapenda usipende, ndo walikuwa wakubwa kuliko wote, kiwanda kiko Kleinheubach, Bavaria, pembeni ya mto Main, na kipo mpaka leo kinatengeneza vyungu vya mimea. Udongo wao ni mweupe, utauona pale kitakoni ambapo glezi haikufika. Wakishakuzoesha mkono Scheurich, utawatambua wengine kwa tofauti zao.

Kundi kubwa la wengine linatoka sehemu moja inayoitwa Kannenbäckerland, kwenye vilima vya Westerwald, maana yake nchi ya waoka majagi, na hilo jina halikuja bure, ardhi ya pale ina udongo mzuri wa ufinyanzi na watu wake wamekuwa wakichoma vyombo karne na karne, yale majagi ya kijivu yenye michoro ya bluu yanatoka huko. Kwa hiyo Bay na Jasba na Ceramano walikuwa Ransbach-Baumbach, Dümler & Breiden walikuwa Höhr-Grenzhausen, Roth walikuwa Ebernhahn, wote majirani. Ukipata nafasi nenda Höhr-Grenzhausen kuna makumbusho ya keramiki, Keramikmuseum Westerwald, ukitoka pale macho yako hayatakuwa yale uliyoingia nayo. Halafu kuna Rheinbach karibu na Bonn, hapo kulikuwa na Ruscha, na kulikuwa na Otto Gerharz aliyewatengenezea Ruscha glezi kabla hajafungua kiwanda chake mwenyewe, Otto Keramik, na ukimuuliza mkusanyaji yeyote nani fundi wa glezi za volkano atakutajia Gerharz kabla hujamaliza swali. Carstens nao walikuwa Fredelsloh, kule Saksonia ya Chini, maumbo yao mengi ni ya ujasiri sana.

Wachoraji wa maumbo na mapambo wachache wa kuwajua: Bodo Mans kwa Bay, Heinz Siery kwa Scheurich, na Kurt Tschörner aliyechora jagi namba 313 la Ruscha mwaka 1954. Hilo jagi lenye mkono mmoja lilitoka kwa glezi nyingi mno, kuna watu wanakusanya hilo umbo tu peke yake maisha yao yote na hawamalizi.

Na hapa niseme jambo ambalo baadhi ya wakusanyaji wenzangu hatukubaliani: usinunue jina. Scheurich ya kawaida kabisa ambayo lava yake imekaa vizuri, imechemka ikatulia, mi naichukua mbele ya Roth iliyomeguka mdomo. Roth ni nzuri sana jamani, ile nyekundu yao inayong'aa na lava nyeusi nene ikipita juu yake inakufanya usimame, na bei zake zimepanda kwa sababu hiyo, lakini jina halizibi pengo. Nunua glezi na nunua uzima wa chombo.

Kusoma kitako

Haya, umeshaigeuza. Utaona maandishi yamebonyea ndani au yamechomoza nje, mengi yalikuwa kwenye kalibu yenyewe. Mara nyingi ni W. Germany au West Germany na namba. Ikiwa ni 517-30, basi 517 ni namba ya umbo na 30 ni urefu kwa sentimita. Hivo tu, sio mwaka, sio namba ya toleo maalum, na mtu akikwambia vesi yake ya 1960 kwa sababu kitako kimeandikwa 60 mwambie asante uendelee na safari. Scheurich mara nyingi hawaandiki jina kabisa, namba na W. Germany basi, jina lilikuwa kwenye stika ambayo imeshabanduka zamani. Bay mara nyingi wanajiandika, BAY, halafu namba ya umbo halafu urefu. Ukizoea utatambua mpaka mwandiko, jinsi namba za kiwanda kimoja zilivyo nene na za kingine nyembamba, hapo ndo utajua umeiva.

Neno W. Germany lenyewe linakupa mipaka ya muda: nchi hiyo ilikuwepo kuanzia 1949 mpaka muungano wa tarehe 3 Oktoba 1990. Limeandikwa Kiingereza kwa sababu mzigo ulikuwa unakwenda nje. Ukikuta Germany peke yake inaweza kuwa ya kabla ya hapo au baada ya hapo. Pia usisahau upande wa pili wa ukuta, Ujerumani Mashariki nao walikuwa na viwanda, Strehla na Haldensleben ndo utakavyokutana navyo zaidi, na vina vesi nzuri tu zenye bei ya chini, ila muuzaji anayekuuzia Strehla kwa jina la Scheurich anakuuzia kitu kingine.

Stika ikiwepo, ya karatasi au ya ile foili ya kung'aa, usiiguse. Usiioshe, usijaribu kuinyoosha pembe iliyokunjika. Stika ni ushahidi wa kiwanda na saa ingine hata wa jina la pambo, na vesi yenye stika yake inauzwa vizuri zaidi.

Na kama hakuna kitu kitakoni? Angalia rangi ya udongo, angalia kitako kimekatwaje, kina ukingo wa mduara au ni bapa, ndani kumepakwa glezi ya rangi gani. Piga picha ya kitako kila unapokutana na vesi hata kama huinunui, mimi nina picha za vitako nyingi kuliko picha za vesi zenyewe na zimenisaidia mno.

Ukaguzi, hapa usiharakishe

Mdomoni kwanza. Funga macho kama unaweza, pitisha ukucha polepole kuzunguka mdomo wote, nje, juu, ndani. Macho yatadanganywa na glezi yenye madoa madoa lakini ukucha ukifika palipomeguka unakwama. Halafu fanya hivohivo kwenye ukingo wa kitako. Halafu ndo uje kwenye lava, na lava ina ujanja wake kwa sababu mashimo ni sehemu ya pambo, sasa utajuaje shimo la tanurini na shimo la kugongwa? Angalia ndani ya shimo. La tanurini lina kingo za mviringo zilizoyeyuka na rangi imeshuka mpaka ndani. La kugongwa lina kingo kali na ndani yake unaona udongo mtupu, mara nyingi mweupe, kama jino. Ukiona weupe wa jino kwenye lava nyeusi, hapo pamegongwa. Na saa ingine mtu amepaka kalamu nyeusi pale kuficha, kwa hiyo lowesha kidole mate upitishe, ukitoka mweusi umeshajua.

Sauti sasa. Ining'inize kwenye vidole kwa mdomo kama ni ndogo, au isimamishe kwenye kiganja kama ni kubwa, igonge kwa kifundo cha kidole. Nzima inalia, inakaa na mlio kidogo. Yenye ufa inajibu kwa sauti ya mbao, inakufa hapohapo. Hapa ujue kwamba lava nene inapunguza mlio kidogo na vesi yenye mdomo mwembamba inalia tofauti na yenye mdomo mpana, kwa hiyo gonga nyingi mpaka sikio lizoee, usihukumu kwa vesi ya kwanza.

Ile mitandao ya nyufa nyembamba ndani ya glezi tu, kama ngozi ya maziwa iliyokauka, hiyo ni glezi na udongo havikusinyaa sawa, sio ufa wa chombo, kwenye vesi nyingi ni kawaida. Ufa wa kweli unapita ukuta mzima: angalia nje halafu mulika ndani na tochi, ukiuona mahali palepale pande zote mbili iache. Tochi ya UV pia ni rafiki, hata ile ndogo ya bei rahisi, maana gundi na rangi za kurekebishia mara nyingi zinawaka tofauti na glezi inayozunguka, ukimulika gizani kiraka kinajitangaza. Kuna nyingine zilitobolewa kitakoni au pembeni zikafanywa taa, waya ukatolewa baadaye, tundu likazibwa. Vesi kubwa hasa, angalia.

Wapi pa kuzipata

Flohmarkt, masoko ya mitumba ya wikiendi, ndo shule na ndo duka. Kufika alfajiri kunakupa uchaguzi, kufika mwishoni kunakupa bei, kwa sababu saa nane mchana muuzaji anaangalia ile Bodenvase, vesi kubwa ya kusimama sakafuni, ya sentimita 45 na zaidi, anafikiria kuibeba tena mpaka kwenye gari na moyo wake unalainika. Kwangu mimi vesi ndogo za sentimita 15 mpaka 20 zimekuwa zikipatikana kwa euro 5 mpaka 15, za kati zinapanda, na kubwa za sakafuni ukipata chini ya euro 50 ikiwa nzima usifikirie mara mbili. Kupatana bei kunaruhusiwa lakini kwa adabu, sema Guten Morgen kwanza, uliza Was soll die kosten?, yaani hii bei gani, ukitajiwa nyamaza kidogo ukiendelea kuikagua, kama kuna kasoro ionyeshe bila kuiponda, halafu toa bei yako moja. Usiponde chombo cha mtu. Nyingi ya hizi vesi zilikuwa za mama yake au bibi yake, amezaliwa akaikuta dirishani, na nimewahi kupewa vesi ya pili bure kwa sababu tu nilikaa kumsikiliza mama mmoja akinieleza ilivyosimama karibu na simu nyumbani kwao.

Kuna Haushaltsauflösung, pale nyumba ya marehemu inapofunguliwa na vitu vyote vinauzwa, huko unaweza kukuta vesi haijasogea mahali pake tangu 1972. Kuna yale maboksi yanayowekwa barazani yameandikwa zu verschenken, maana yake chukua bure, hayo pita nayo kwa amani. Ila vitu vizito vilivyowekwa nje kusubiri gari la jiji, Sperrmüll, usichomoe kimyakimya, miji mingi haijaruhusu, mgongee mwenye nyumba muombe, wengi wanakubali na wanafurahi.

Mtandaoni ni Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo ya vitu vya mitumba, na eBay. Siri kubwa ya hapo ni kutafuta kama mtu asiyejua, maana anayejua ameshaandika Fat Lava Scheurich selten, yaani adimu, na ameweka bei ya kujua. Andika Vase 70er (vesi ya miaka ya 70), Keramikvase braun (vesi ya keramiki ya kahawia), alte Vase Oma (vesi ya zamani ya bibi), Vase orange, na upitie picha moja moja kwa subira. VB pembeni ya bei maana yake bei inazungumzika. Nur Abholung maana yake uifuate mwenyewe, na hizo mara nyingi ndo zenye bei nzuri kwa sababu wa mbali hawawezi kushindana na wewe. Kwenye eBay usisome bei wanazoomba, washa kichujio cha Verkaufte Artikel uone zilizouzwa kweli, tofauti yake itakushangaza.

Omba picha nne: mdomo kutoka juu, kitako, mbele, nyuma. Mi niliwahi kununua moja nzuri sana kwa picha mbili, zote za mbele, na nilipoifungua nyuma yake ilikuwa na ufa kutoka mdomoni mpaka tumboni. Muuzaji binafsi alikuwa ameandika hakuna kurudisha, na kwa wauzaji binafsi wa hapa hilo ni jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo picha ya nyuma ndo ulinzi wako.

Usafirishaji sasa, hapa vesi nyingi zilizoishi miaka hamsini salama zinafia. Mwandikie muuzaji kabla hajafunga mzigo, kwa upole lakini kwa undani: ajaze karatasi NDANI ya vesi, mpaka shingoni, ibane. Watu wanafunga nje tu. Halafu plastiki ya mapovu raundi tatu nne, mkono wa vesi kama ipo uviringishwe peke yake kwanza, iingie boksi la kwanza isitikisike, na hilo boksi liingie kwenye boksi kubwa zaidi lenye karatasi zilizofinyangwa pande zote sita, unene wa kiganja hivi. Boksi mbili, sio moja. Ukilitikisa ukasikia kitu kinasogea bado halijafungwa. Niliwahi kupokea mzigo wa boksi moja na magazeti mawili matatu, nilijua kwa sauti hata kabla ya kuufungua, na ilikuwa glezi ya kijani sijaiona tena mpaka leo.

Kusafisha na kuitunza

Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, mswaki laini. Kwenye lava zungusha mswaki polepole, vumbi na mafuta ya moshi wa sigara vimejaa kwenye vile vishimo na maji yatakavyotoka kahawia utashangaa rangi iliyokuwa chini. Tandika taulo kwenye sinki kwanza, na usiisimamishe chini ya bomba la chuma, mdomo utagonga tu siku moja. Mashine ya kuoshea vyombo sahau kabisa. Ule utando mweupe wa chokaa ndani, alama ya maji ya miaka, mimina maji yenye siki au unga wa asidi ya sitriki, acha saa kadhaa, mwaga, suuza sana. Hiyo asidi ibaki ndani tu, nje kwenye glezi zisizong'aa inaweza kufubaza ukajuta. Baada ya hapo iache ikauke siku nzima au mbili imelazwa, maana udongo wa kitakoni usio na glezi unanyonya maji.

Zile nyekundu na orenji kali, rangi zake nyingi zilipatikana kwa kadimiamu na seleniamu, madini yenye sumu. Kuipamba nyumba hakuna shida, lakini usiifanye jagi la juisi wala bakuli la chakula, hata kama umbo linakuvutia.

Ukianza kuwa nazo nyingi, na utakuwa nazo haraka kuliko unavyodhani, chagua uzi wa kufuata. Umbo moja glezi tofauti, au glezi moja maumbo tofauti, au kiwanda kimoja, au zote za kijani tu ambazo ni chache kuliko za kahawia na zinahitaji uvumilivu. Bila uzi utajaza rafu na hutajua kwa nini ile ipo. Na andika, mali bila daftari hupotea bila habari: namba ya kitako, urefu uliopima mwenyewe, umeinunua wapi, lini, kwa euro ngapi, kasoro zote hata ndogo. Siku unataka kuuza mbili zinazofanana ili ununue moja bora, hilo daftari ndo litakaloongea kwa niaba yako.

Kwenye rafu ziache zipumue, vidole viwili kati ya moja na nyingine, lava ya moja isikwaruze glezi laini ya jirani. Zile ndefu zenye kitako chembamba weka mchanga mkavu kwenye mfuko ushushe ndani, uzito ukishuka chini hazianguki mtu akipita kwa kasi, kama kuna watoto au paka hilo usiliruke. Za sakafuni zisikae njiani pa mlango.

Na ukitaka kuweka maua, weka, zilitengenezwa kwa hilo. Ila jaribu kwanza: jaza maji, isimamishe juu ya gazeti usiku mzima, asubuhi angalia kama gazeti limelowa duara la kitako. Ikiwa limelowa weka glasi nyembamba ndani ya vesi na maua yakae kwenye glasi, meza yako itapona. Hiyo yangu ya 28 inavuja kidogo, kwa hiyo ina glasi ndani, na imegeuzwa lile tone liangalie mlangoni.